Baba Anataka Kuuza Michikichi Nikasome Marekani

Katika safu hii hujibiwa barua za wasomaji kuhusu kazi na masomo. Anayejibu ni mama aliyefanya kazi katika mashirika na asasi za mkoa wa Kigoma tangu mwaka 1996, na bado yumo.

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Kasulu mjini. Nilimaliza shahada ya maendeleo ya jamii mwaka 2019, nikapata GPA ya 3.6. Kuanzia 2020 nilikuwa ofisa mradi katika shirika lililohudumia vijana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na vijiji vya jirani. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliitwa kikao siku ya Ijumaa saa nane mchana, tukaambiwa tusije Jumatatu. Tulikuwa watu 14. Mimi ndiye niliyetumwa vijijini kuwaambia vijana wa kujitolea, na baadhi yao walikuwa wanadai posho ya miezi miwili. Sasa naishi kwa vibarua vya kukusanya takwimu.*

*Ndoto yangu ni kuongoza shirika. Wakala mmoja wa Dar es Salaam amenitafutia nafasi ya masta ya uongozi wa mashirika yasiyo ya faida huko Marekani. Ada ni dola 26,000 kwa mwaka, kozi ni miaka miwili, ufadhili hakuna. Baba yuko Simbo. Anasema atauza ekari zake tatu za michikichi nianze, mengine Mungu atajua. Mnunuzi ameshakuja mara mbili kupima kwa hatua. Je, bila masta nitaweza kuongoza shirika? Na nimkubalie baba? — Mwanao, Kasulu*

Marahaba mwanangu.

Nianze na shamba, maana mnunuzi akishapima kwa hatua mambo hayakawii. Usikubali liuzwe. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na ukishaanza unakupa mikungu kwa zaidi ya miaka 20. Baba yako akiuza leo ameuza mawese ya miaka yote hiyo, ameuza mise, zile kokwa za ndani, ameuza hata mafuta ya mboga ya nyumba yake, kwa fedha ambayo haifikii ada ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo ifanye kwa kalamu. Dola 26,000 ni ada peke yake. Bado chumba, chakula, bima ya afya, vitabu, nauli. Na chuo cha Marekani hakikutumii fomu ya I-20, ile unayoipeleka ubalozini kuombea viza, mpaka uonyeshe kwamba fedha ya mwaka wote wa kwanza ipo. Namheshimu sana baba yako kwa imani yake, lakini ofisa wa viza atataka kuona taarifa ya benki. Kinachonitisha ni kwamba shamba litakuwa limeshauzwa, viza imekataliwa, na fedha imeanza kuliwa kidogo kidogo pale nyumbani.

Huyo wakala nawe muulize waziwazi analipwa na nani. Wengi wao hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Kulipwa hivyo si dhambi, ila ujue kwamba ushauri wake unaelekea upande mmoja. Na chuo chochote cha nje, kabla hujakilipa, uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada yake inatambulika hapa nchini. Nimewaona watu waliorudi na vyeti ambavyo mwajiri alivitazama mara moja akavirudisha.

Sasa tuje kwenye masta yenyewe. Ni fani ya kweli, asikudanganye mtu. Wamarekani wamekuwa wakiifundisha vyuoni tangu miaka ya 1980, na Indiana University ina shule nzima kwa ajili ya mambo ya uhisani, Lilly Family School of Philanthropy. Wanafundisha kazi ya bodi, uchangishaji, hesabu za shirika lisilogawana faida, usimamizi wa watu wanaojitolea, tathmini. Lakini ichukue orodha ya masomo aliyokutumia wakala, uisome mstari kwa mstari. Utakuta mengi yamejengwa juu ya sheria ya kodi ya kwao: kifungu cha 501(c)(3) kinacholisamehe shirika kodi ya mapato, fomu 990 inayojazwa kila mwaka, namna ya kumwomba mtu mwenye mali alitaje shirika lako katika wosia wake. Wewe utarudi Kasulu. Kasulu unakutana na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 na marekebisho yake ya 2019, unakutana na msajili msaidizi wa wilaya, taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na kanuni inayotaka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufike kwa Msajili na Hazina. Hakuna mhadhiri wa ng'ambo atakayekufundisha hayo.

Kuna jambo moja la kwao, hata hivyo, ambalo natamani kila asasi ya Kigoma ilijue. Nitalirudia chini, maana linakuhusu kuliko unavyodhani.

Kwanza nikueleze kilichonipeleka mimi shule. Kazi hizi nilizianza mwaka 1996, watu wa Zaire walipokuwa wanavuka ziwa na Nyarugusu ndiyo inafunguliwa. Nilikuwa karani wa kuandika majina. Kufika 2009 nilikuwa mratibu wa mradi wa afya ya mama na mtoto katika vijiji vya mwambao wa kaskazini, ambako njia ilikuwa ni boti tu, unapandia Kibirizi. Boti unakodi kwa mdomo. Petroli unanunua kwa dumu. Mwenye boti hana kitabu cha risiti na kuandika hajui, kwa hiyo tulikuwa tunachana karatasi ya daftari, tunaandika kiasi, yeye anachovya kidole gumba kwenye wino na kukibandika. Nilikuwa na karatasi 60 na zaidi za namna hiyo. Nilizipanga kwa tarehe katika faili la bluu, na nilijiona mwaminifu kweli.

Mfadhili akamleta mkaguzi. Alikaa mezani kwangu akazifungua moja baada ya nyingine. Zilikuwa zinanuka petroli na dagaa. Nyingine maji yalikuwa yameziingia, wino umesambaa, kidole hakionekani tena kuwa kidole. Pembeni ya kila karatasi aliandika kwa penseli neno lilelile: haikubaliki. Shirika likatakiwa kurudisha shilingi milioni 3 na laki 4. Hakuna aliyetamka kwamba nimeiba. Lakini kulikuwa na mwenzangu tuliyezoea kula naye ugali mchana, akaacha kuja. Nilielewa anawaza nini, na niliumia kuliko hiyo fedha yenyewe.

Faili lile ndilo lililonipeleka Chuo Kikuu Huria, nikiwa na miaka 39, kazini hapohapo. Masomo mengine niliyasomea kwenye treni ya Kigoma kwenda Dar es Salaam, siku mbili njiani, taa ya behewa ikiwaka na kuzimika. Somo nililoliogopa kuliko yote ni la fedha, na ndilo lililonijibu. Siku tunafundishwa udhibiti wa ndani, mwalimu alisema watu wengi wanadhani kazi ya mhasibu ni kutafuta risiti, wakati kinachotafutwa ni watu wawili wasiohusiana wanaoweza kuthibitisha, kila mmoja kwa upande wake, kwamba jambo limefanyika, siku hiyo, kwa bei hiyo. Nilinyamaza kama niliyemwagiwa maji. Ziwa zima lilijua boti yetu ilikwenda! Mwenyekiti wa kitongoji alitupokea ufukweni. Muuguzi wa zahanati aliandika daftari la chanjo tarehe ileile. Ushahidi wote ulikuwepo, mimi ndiye sikujua kuukusanya. Na kilio changu kuhusu risiti za ziwani nilitakiwa kukilia mezani kwa mfadhili kabla mkataba haujasainiwa, wakati bado wananisikiliza.

Nikaitengeneza fomu. Jina la boti na la nahodha, simu yake, ufukwe wa kuondokea na wa kufikia, lita za petroli, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji kwa mhuri wake, na malipo yote kwa simu ili kampuni ya simu nayo iwe shahidi. Tukaiambatisha kwenye mwongozo wa fedha, bodi ikaipitisha, mfadhili aliyefuata akaikubali kabla ya kutoa shilingi. Ni ukurasa mmoja tu, lakini sikuwa na uwezo wa kuubuni kabla ya kusoma, na nisingeubuni baada ya kusoma kama sikuingia darasani na lile faili kichwani.

Kwa hiyo ukiniuliza uende kusoma lini, nitakujibu: ukiwa na swali linalokunyima usingizi. Darasani kwetu walikuwepo waliofuata cheti ili wapande daraja. Walikuwa hodari, wengine walinizidi alama. Lakini mtihani ukipita, somo lilikuwa limepita.

Na wewe swali unalo mwanangu, umeliandika kwenye barua yako ukalipita. Mimi nimelipigia mstari. Ijumaa saa nane, watu 14, Jumatatu msije. Inakuwaje shirika lenye watu 14 linazimika kwa barua moja? Nani alijua kwamba lina mfadhili mmoja tu? Bodi yenu ilikuwa na akina nani, na mara ya mwisho ilikutana lini? Kwa nini hapakuwa na akiba hata ya kuwalipa wale vijana posho yao ya miezi miwili, wakati wao ndio waliokuwa wanakwenda kwa miguu? Wewe ndiye uliyesimama mbele yao ukasema maneno ambayo hukuyatunga. Hiyo ni tasnifu nzima, na sijui mtu wa Kasulu anayestahili kuiandika kuliko wewe.

Hapa ndipo narudi kwa Wamarekani. Kwao, sehemu kubwa ya fedha za hisani hutoka kwa mtu mmojammoja. Makampuni na taasisi kubwa zenye majina hutoa kidogo kuliko wao. Kiongozi wa shirika anajua wachangiaji wake kwa majina, anawaandikia, anawashukuru, anawaeleza fedha yao imefanya nini. Ukiuliza hapa kwetu utaambiwa watu wetu ni maskini, hawatoi. Si kweli. Kamati ya harusi pale Mwanga, Kigoma mjini, inakaa wiki sita, ina mwenyekiti, mhazini na daftari, na inakusanya mamilioni. Kila aliyetoa jina lake linasomwa, na aliyeahidi bila kutoa anapigiwa simu mpaka atoe. Msibani ni vilevile. Uwezo wa kuchangisha tunao, asasi zetu ndizo hazijawahi kuwaomba watu wake. Zimezoea kuandika andiko kwa Kiingereza na kusubiri.

Na fedha ya mfadhili wa mradi ina kamba. Kila shilingi ina mstari wake kwenye bajeti, ikibaki unairudisha, huwezi kuiweka akiba ya siku mbaya. Akiba hutoka kwenye fedha isiyofungwa: ada za wanachama, michango, ukumbi mnaoukodisha, huduma mnayoiuza. Shirika lisilo na fedha hiyo hata kidogo linaishi kwa pumzi ya mtu mwingine. Kama bodi yenu ingekuwa inauliza kila robo mwaka "tukikatiwa leo tutaishi siku ngapi?", pengine 2025 isingewakuta vile. Mimi naliuliza swali hilo katika kila bodi ninayokaa sasa, na mara nyingi chumba kinakuwa kimya.

Basi usomee wapi? Ningekuwa wewe ningeanzia hapahapa. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, unasoma ukiwa kazini, na katika uzamili wake yamo masomo ya utawala na uongozi, ya usimamizi wa miradi, ya ufuatiliaji na tathmini. Kwa swali lako ningechagua la utawala na uongozi. Ufuatiliaji na tathmini unapendwa kwa sababu una kazi nyingi za muda, lakini unakufundisha kupima kazi ya shirika kuliko kuliendesha. Ukipata nafasi ya kuhama, tazama pia Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa GPA ya 3.6 mlango wa udahili hautakusumbua. Ada hapa nyumbani unaihesabu kwa milioni kadhaa za shilingi na unailipa kwa awamu, na mambo ya awamu ndiyo yanayoendana na michikichi. Mwombe baba sehemu ya mawese ya kila msimu mkubwa. Shamba likulipie ada likiwa bado limesimama.

Kama moyo wako uko ng'ambo, nenda kwa njia isiyohitaji wakala. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hufunguliwa mwezi Agosti, kuomba ni bure, na unalipia masta ya mwaka mmoja pamoja na nauli na posho. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo wewe unazo zaidi ya mara mbili, wanataka uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Wanakutaka uandike insha, moja ikiwa ya uongozi. Usiwaandikie maneno makubwa ya kubadilisha dunia. Waandikie ile siku uliyopanda bodaboda kwenda kuwaambia wale vijana, uliwaambia nini, walikujibu nini, na ulifanya nini kuhusu posho zao. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma kwa masafa, unaokupa uzamili wa chuo cha Uingereza ukiwa Kasulu kwako. Watu wengi hawaujui huu, na kwa mtu mwenye kazi na familia mimi nauona bora kuliko kuhama. DAAD ya Ujerumani nayo ina ufadhili wa masomo ya maendeleo, ila kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza isiwe imepita miaka sita, na wewe uliyemaliza 2019 umeshaipita. Usipoteze usiku wako huko.

Umeuliza kama bila masta utaongoza. Nitakujibu kama yalivyo. Matangazo ya kazi ya ukurugenzi katika mashirika makubwa mara nyingi huitaja masta miongoni mwa sifa, na asiyenayo huenda asiitwe kwenye usaili hata akiwa hodari. Asasi ya Kasulu yenye watu wanne itakuuliza kama unaweza kuandika bajeti na kama wanakijiji wanakuamini. Anza na hii ya pili wakati unasomea ile ya kwanza. Hivyo vibarua vya takwimu vinakupa siku za kupumzika katikati. Chagua asasi moja ndogo, jitolee kuwatengenezea hesabu za mwaka au kuwapangia kikao cha bodi. Utajifunza, na tasnifu yako itapata mahali pa kukaa.

Limebaki la baba, nalo usilifanye kwa simu. Panda gari uende Simbo. Usimwambie amekosea, kwa sababu hajakosea. Mama yangu aliuza vitenge vyake viwili vya harusi na kapu la dagaa la wiki nzima ili mimi niende Tabora Wasichana. Alinikabidhi fedha ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Najua zawadi ya namna hiyo ina uzito gani, na najua mzazi anavyojisikia mtoto akiirudisha. Kwa hiyo usiirudishe. Mwambie umeipokea, na kwamba umepata njia ya kusomeshwa na shamba lilelile bila kulitoa mikononi mwake. Kisha mtembee wote shambani. Kama michikichi yake ni ile ya zamani yenye kokwa nene, mwende pamoja kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, mwulize miche ya Tenera, ile aina bora, ya kuzibia mapengo. Mnunuzi akirudi mara ya tatu, mkaribisheni maji ya kunywa na mumwambie hapauzwi.

*Shikamoo dada. Nina miaka 44, nipo Urambo, Tabora. Nilianzisha asasi ndogo ya akina mama wafugaji nyuki, imesajiliwa ngazi ya wilaya. Shahada yangu niliisoma nikiwa na watoto wadogo, nikatoka na GPA ya 2.4. Mgeni wa mfadhili alipotutembelea aliuliza mkurugenzi ana elimu gani. Tangu siku hiyo katibu wetu, kijana mwenye masta, anasema nimpishe kiti. Je, sheria inanizuia? Na kwa GPA hiyo naweza kusoma uzamili? — Mama wa Mizinga*

Marahaba mdogo wangu. Sheria haikuzuii. Inataka asasi iwe na katiba, viongozi wanaojulikana, taarifa ya kila mwaka. Cha masta haikukitaja. Kiti ni cha wanachama, na anayekupa au kukunyang'anya ni mkutano mkuu kwa utaratibu wa katiba yenu. Katibu akikitaka, agombee mbele ya hao akina mama.

Kuhusu GPA: kwa 2.4 vyuo vingi havitakupokea moja kwa moja kwenye uzamili, kwa kuwa kiwango cha kawaida huanzia 2.7. Pitia stashahada ya uzamili kwanza. Ukiifanya vizuri inakufungulia mlango, na shahada ile uliyoisoma ukinyonyesha haitakuwa tena neno la mwisho juu yako. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tabora mjini, na pale Tabora kipo chuo cha AMUCTA, kaulize ana kwa ana. Wakati unasubiri, kwenye intaneti kuna jukwaa la Kaya lenye kozi za bure za uendeshaji wa miradi ya kijamii, unazisomea kwenye simu jioni. Huko Usa River, Arusha, kituo cha mafunzo cha MS-TCDC nao wana kozi fupi ambazo watu wa asasi wamezitegemea miaka mingi.

Lakini nataka tulitazame lile swali la mgeni. Nimekaa na wafadhili wengi. Anayeuliza elimu ya mkurugenzi, mara nyingi kinachomkera ni kitu alichokiona mezani na hakutaka kukisema: hesabu zilizoandikwa na mtu mmoja, muhtasari wa kikao usio na sahihi, asali iliyouzwa bila kuonekana ilikoingia fedha yake. Kijana wako amelisikia swali akadhani linamhusu yeye. Wewe lichukue upande wa mezani. Una mizinga mingapi, ya nani, imevuna kilo ngapi msimu uliopita, na kilo hizo zimeandikwa wapi? Kama majibu yako kichwani mwako tu, asasi yako iko kichwani mwako, na hilo litamwogopesha mfadhili yeyote, hata ungekuwa profesa.

Na huyo kijana usimfukuze. Mpe kazi ya kuandika mwongozo wa fedha wa kurasa tano, kwa Kiswahili cha akina mama, ausome mbele yao na wamuulize maswali. Utamjua hapo.

Kesho asubuhi itoe katiba yenu kabatini. Tafuta kifungu cha watia sahihi wa benki. Ukikuta ni wewe na mdogo wako wa tumbo moja, anzia hapo, kabla ya chuo chochote. Nitumie nakala, nitaisoma yote.